Kisukari ndicho kilichonipa hamu ya udaktari, lakini mjomba anasema kazi hiyo itaniua

Salamu kwako mshauri,

Nina miaka 19 na ninaishi Umoja, hapa Nairobi, pamoja na mama na wadogo zangu wawili. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalipotoka nilipata A-, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna amani. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 11. Kabla hakijajulikana nilikuwa nikinywa maji usiku kucha, nakojoa kitandani na ilhali nilikuwa mkubwa, na sketi ya shule ikawa hainikai kiunoni. Zahanati ya kwanza walisema ni malaria. Ya pili wakasema ni homa ya matumbo, wakanipa dawa. Siku ya nne nikawa natapika na kuhema kama mtu aliyetoka mbio. Mama alinibeba mgongoni hadi kituo kingine, na pale daktari mmoja wa kike aliinama karibu na uso wangu, akanusa pumzi yangu, akaitisha mashine ya sukari kabla hata ya kuuliza jina langu. Mashine iliandika HI, maana sukari ilikuwa imepita uwezo wake wa kuhesabu. Nililazwa siku 9. Yeye ndiye aliyenifunza kuvuta insulini kwa sindano, tukifanya mazoezi kwa chungwa. Tangu hapo sijawahi kutamani kuwa kitu kingine ila daktari.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Anayetushika mkono ni mjomba wangu, ana duka la vipuri vya magari kule Kirinyaga Road, na karo yote ya sekondari aliilipa yeye. Mjomba hataki kusikia habari ya udaktari. Anasema nisomee uhasibu, nikae ofisini kwenye kiti, nile saa saba kila siku. Sababu yake ni siku niliyoanguka shuleni.

Ilikuwa siku ya kutuza wanafunzi, nikiwa Kidato cha Tatu. Nilijidunga saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, nikanywa uji. Chai ya saa nne haikutolewa kwa sababu wageni walikuwa wanaingia. Hotuba zikaendelea hadi saa nane. Nilianza kutetemeka na kutokwa jasho, lakini niliona haya kuinuka mbele ya watu. Nilichokumbuka baadaye ni kuamka hospitalini. Wasichana wengine walidhani nina kifafa, wengine wakasema ni mapepo. Mjomba ndiye aliyepigiwa simu akaja. Sasa kila nikifungua mdomo ananiambia, "Daktari husimama saa 12. Wewe ulianguka umekaa kwenye kiti."

Shuleni aliyejua hali yangu ni matroni peke yake. Kwa miaka 4 nilijidunga chooni ili mtu asione.

Natumia insulini ya mchanganyiko, Mixtard, yuniti 24 asubuhi na 14 jioni. Kliniki ya mwisho kipimo cha miezi 3 kilikuwa 8.4. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanafunga kuchagua kozi baada ya wiki 2. Juu ya hayo, binti wa jirani aliye chuoni ametuonyesha fomu ya afya ambayo hujazwa kabla ya kuripoti, na kuna swali kama una ugonjwa wa kudumu. Mama anasema, "Acha hapo patupu, watakunyima nafasi."

Je, nifuate moyo wangu au nimsikilize mjomba? Na kwenye fomu nijaze nini?

Ni mimi,
Mwenye Sindano, Umoja.

MAJIBU

Binti yangu Mwenye Sindano,

Kwanza hongera kwa A- hiyo. Umeipata huku ukifanya kila siku kazi ambayo wenzako darasani hawakuwa nayo: kupima, kuhesabu, kujidunga, kula kwa saa. Na pole kwa siku zile 4 za kuumwa ukiwa mtoto, huku ukitibiwa magonjwa usiyokuwa nayo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Wewe umeuliza maswali mawili, la kozi na la fomu. Mimi naona kuna la tatu katikati yake, ulilolipitia kwa sentensi moja: miaka 4 ya kujidunga chooni. Nitalirudia, kwa sababu naona ndilo lililobeba mengine yote.

Tuanze na hofu ya mjomba, maana si hofu ya bure. Alipigiwa simu, akaja, akakukuta hujitambui. Mtu aliyeona hivyo haambiwi tu "usijali". Lakini hitimisho alilolitoa kwa tukio lile linahitaji kutazamwa upya. Anaamini uliangushwa na udhaifu wa mwili. Mimi, kwa maelezo uliyoyatoa wewe mwenyewe, naona uliangushwa na saa.

Mixtard ina insulini mbili ndani ya chupa moja. Asilimia 30 ni ile ya haraka, inayoanza kufanya kazi ndani ya nusu saa na kushughulikia uji wako wa asubuhi. Asilimia 70 ni ile ya kati, inayopanda polepole na kufikia nguvu yake kubwa kati ya saa 4 na saa 12 baada ya kudungwa. Ulijidunga saa kumi na mbili. Kuanzia saa nne asubuhi ile sehemu ya pili ilikuwa inaendelea kushusha sukari, iwe umekula au hujala, kwa sababu insulini ikishaingia mwilini haiwezi kurudishwa. Chai ya saa nne haikuja, chakula cha mchana hakikuja. Kufikia saa nane mwili haukuwa na cha kuchoma. Mtu yeyote anayetumia insulini hiyo, awe mhasibu, dereva wa matatu au askari, angeweza kuanguka siku hiyo. Kiti cha ofisini hakingekuokoa. Ulikuwa umekaa kwenye kiti.

Ndiyo maana la kwanza ningependa ulipeleke kliniki kabla ya wiki hizi 2 kwisha ni swali hili: je, naweza kuhamishwa kutoka kwenye mchanganyiko na kuwekwa kwenye mpango wa insulini ya msingi na ya mlo? Katika mpango huo unadunga insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, kisha ya haraka kila unapokula. Ukichelewa kula, unachelewesha sindano ya chakula, basi. Ratiba ya wodi inavumilika zaidi kwa njia hiyo. Sitaki lakini ulione kama jambo jepesi. Sindano zinakuwa 4 au zaidi kwa siku badala ya 2, insulini zenyewe nyingi zina bei ya juu kuliko Mixtard, na huwezi kuutumia bila kupima angalau mara 4 kwa siku. Fanya hesabu na mama: kupima mara 4 ni stripu 120 kwa mwezi, na boksi moja la stripu 50 huisha katika siku 12 na nusu. Chupa ya Mixtard ina yuniti 1,000. Kwa yuniti zako 38 inakutosha siku 26. Hesabu kama hizi ziandike kwenye karatasi, kwa sababu mjomba ni mfanyabiashara na ataelewa karatasi kuliko ndoto. Ulizia pia kama kuna msaada wowote unaoupata sasa kliniki ambao una ukomo wa umri. Mipango mingi ya kusaidia watoto wenye kisukari hufikia mahali ikakoma, na ni afadhali ujue mwaka huu kuliko ukiwa mwaka wa tatu chuoni.

Kuhusu 8.4: si alama ya mtihani, usijihukumu nayo. Ni sawa na wastani wa sukari wa karibu 11 kwenye mashine (mmol/L) kwa miezi 3, na watu wazima wengi hulenga kipimo hicho cha miezi 3 kiwe chini ya 7. Sukari ya kiwango hicho huleta uchovu na kiu, na kusoma anatomia ukiwa hivyo ni kazi mara mbili. Ukiishusha polepole kabla ya kuripoti utakuwa umejisaidia kuliko kitabu chochote utakachonunua.

Sasa tuzungumze udaktari wenyewe, jinsi siku zake zilivyo. Ni miaka 6 ya chuo, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Ukipelekwa Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka ya mwanzo ni ya kampasi ya Chiromo, ya mihadhara na maabara. Ina saa zinazojulikana na kisukari chako kitaizoea. Hatari yako ya kila siku pale itakuwa safari ya matatu. Kutoka Umoja asubuhi unaweza kukaa Jogoo Road zaidi ya saa nzima, kwa hiyo usijidunge nyumbani ukitarajia kula ukifika. Sindano ya mlo na mlo wenyewe visitenganishwe na foleni ya magari.

Ukiingia wodini mambo hubadilika. Raundi ya asubuhi inaweza kuanza saa mbili na kupita saa saba, na mwanafunzi husimama mwisho wa kundi asijue itaisha lini. Mfuko wa koti lako jeupe uwe na glukosi, kiasi cha vijiko 3 vya chai, karibu gramu 15, umeifunga tayari. Sukari ikiwa chini ya 4, unakunywa au unaramba hiyo, unasubiri dakika 15, unapima tena. Nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida hufanya kazi hiyo hiyo, lakini si soda isiyo na sukari, na si chokoleti, maana mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa tumboni, mkate au ndizi, la sivyo itashuka tena.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hawaambiwi. Sukari ikirudi kawaida kwenye mashine, ubongo haurudi papo hapo. Uingereza, dereva mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huelekezwa asirudi barabarani mpaka dakika 45 zipite baada ya sukari kuwa sawa. Wewe hutakuwa unaendesha gari, utakuwa unaandika kipimo cha dawa ya mtoto. Kwa dakika hizo 45 ni lazima mtu mwingine ashike kalamu. Na hapo ndipo utaona mwenyewe kwamba mtu anayeficha hawezi kumwomba mwenzake kalamu.

Chumba cha upasuaji kina taratibu yake. Unapima kabla ya kunawa mikono na kuvaa glavu, na hulengi 4.5, unalenga mahali salama zaidi, tuseme kati ya 6 na 10, kwa kadiri daktari wako atakavyokuelekeza. Unamwambia muuguzi anayezunguka chumbani, kabla kisu hakijagusa ngozi, kwamba una kisukari na kwamba ukisema "naomba juisi" humaanishi kesho. Yeye ataiingiza kwa mrija chini ya barakoa yako, mikono yako ibaki safi. Ukihisi kutetemeka unarudi nyuma hatua moja kutoka mezani na kusema. Wapo madaktari wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaopasua kwa njia hii, duniani kote. Hawafanyi miujiza, wanasema mapema.

Zamu ya usiku ndiyo iliyo ngumu zaidi kwa anayetumia mchanganyiko, na ugumu wake hauko usiku. Usiku uko macho, unaweza kula, unaweza kupima. Hatari ni asubuhi unapotoka zamu: unafika nyumbani, unajidunga yuniti zako 24 kwa mazoea, unakunywa chai, unalala. Saa sita mchana ile asilimia 70 iko kileleni na wewe uko usingizini, mama yuko kazini, hakuna wa kukuamsha ule. Ni kosa linaloweza kuua. Dozi ya siku baada ya zamu hupangwa na kliniki, kwa maandishi, wala hukisii. Kosa la upande wa pili ni kuacha insulini kabisa kwa kuwa "leo sijala". Hasa ukiwa unatapika, usiiache bila kuuliza. Insulini ya msingi inahitajika hata tumbo likiwa tupu, na kuikosa ndiko kunakoleta ketoni, asidi hatari zenye ile harufu ambayo daktari wako aliinusa. Sukari ikipita 14, pima ketoni kwenye mkojo.

Na kifua kikuu. Mwenye kisukari yuko katika hatari ya kukipata mara 2 hadi 3 zaidi ya asiye nacho, na wodi zetu zina wagonjwa wengi wa kifua. Barakoa ya kuzuia vijidudu vya hewani, ile inayobana uso vizuri, usiione haya kuidai.

Insulini ya akiba, ukiishi hosteli, itahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, kamwe si sehemu ya kugandishia. Chupa uliyoifungua hukaa nje kama wiki 4 mradi joto lisizidi nyuzi 30 na isipigwe na jua. Kwa hali ya hewa ya Nairobi hilo si tatizo kubwa.

Baada ya hayo yote, niruhusu nikuulize kuhusu ndoto yenyewe. Ulichokipenda siku ile ni udaktari, au ni yule daktari? Sikuulizi kwa kukupunguza moyo. Ulikuwa mtoto wa miaka 11, watu walikuwa wamekutazama bila kukuona, kisha mtu mmoja akainama karibu. Ni haki kumpenda. Lakini chungwa lile lilikuwa dakika 20 za siku yake. Saa nyingine zote alikuwa akiandika mafaili, akitafuta kitanda, akimwambia mzazi mwingine habari mbaya. Kama ungejua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni hizo saa nyingine, bado ungeitaka? Mwingine hugundua kwamba alichokipenda hasa ni kufunza watu kuishi na ugonjwa wao, na kazi hiyo hufanywa zaidi na wauguzi na wataalamu wa lishe kuliko madaktari.

Nakupa mfano wa mtu mmoja. Robert Daniel Lawrence alikuwa daktari kijana katika hospitali ya King's College, London, akijiandaa kuwa mpasuaji. Akifanya mazoezi ya upasuaji, kipande cha mfupa kikaruka kikamwingia jichoni, jicho likaambukizwa, na katika kumpima ikaonekana ana kisukari. Insulini haikuwapo bado. Alikwenda Florence, Italia, akitarajia kufia huko. Mwaka 1923 rafiki yake akamtumia ujumbe kwamba insulini imepatikana na inafanya kazi, arudi haraka. Akarudi. Aliishi hadi 1968, akawa daktari mkubwa wa kisukari, na mwaka 1934 yeye pamoja na mwandishi H. G. Wells wakaanzisha chama cha watu wenye kisukari Uingereza. Angalia mpangilio lakini: Lawrence alikuwa daktari kabla hajawa mgonjwa. Ugonjwa haukumpa kazi. Ulimgeuza njia akiwa tayari ndani yake. Wewe unaingia kwa mlango wa ugonjwa, na mlango huo una faida na mtego.

Faida yake inajulikana. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe kitanda hiki umekilalia miaka 8. Mtoto akikuambia amechoka na sindano hutamhubiria. Mtego ni kudhani kunguni ni wale wale kwa kila mtu. Wagonjwa wengi wa kisukari utakaokutana nao watakuwa wa aina ya pili, watu wazima, wenye vidonge, wenye maisha tofauti kabisa na yako. Atakuja baba anayekataa insulini kwa sababu aliambiwa ukianza tu umekwisha, na utahisi hasira kwa kuwa wewe ulijidunga ukiwa na miaka 11. Utakutana na mtu aliyekatwa mguu. Utakutana na msichana wa rika lako kwenye mashine ya kusafisha damu, figo zimeharibiwa na ugonjwa ulio nao wewe, na jioni utarudi chumbani uchukue sindano yako. Wengine jambo hilo huwapa bidii. Wengine huanza kukwepa kupima sukari zao wenyewe kwa kuogopa kuona namba. Utahitaji mtu wa kuzungumza naye, na si lazima awe daktari.

Ningeshauri, kabla KUCCPS hawajafunga, uombe kliniki yako ikuruhusu kukaa asubuhi 2 au 3 ukitazama kazi inavyokwenda, hata kwa kusaidia kupanga mafaili. Ukitoka, andika kilichokuchosha na kilichokufurahisha. Kumbuka pia kwamba A- haikuhakikishii nafasi ya udaktari, kwa kuwa hutazamwa kundi la masomo 4 kwa alama zisizozidi 48, na ushindani wake ni mkali. Fomu ya KUCCPS ina nafasi zaidi ya moja. Chini ya udaktari unaweza kuweka shahada ya uuguzi, famasia au lishe, na hata uhasibu wa mjomba ukapata mstari wake. Diploma ya afisa wa kliniki kule KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni miaka 3 kisha uanagenzi, na wengi wa wanaompokea mgonjwa kwanza kwenye vituo vyetu vya afya ni hao. Kila moja ina zamu zake na gharama zake. Uuguzi, kwa mfano, una usiku mwingi kuliko famasia. Hatari ya kumpinga mjomba iko pia na usiidharau: huenda akaondoa mkono wake, na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, hautoshi kila kitu. Hatari ya kumtii bila kuridhika ni kwamba utabeba uchungu huo ofisini, na mwisho wa mwezi wahasibu nao hukesha.

Sasa fomu. Mama anataka kukulinda, na hofu yake ina chanzo. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na hali ya afya imetajwa humo waziwazi. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Sheria iliyo kwenye karatasi haimzuii kila mtu kuwa na roho mbaya, hilo najua. Hata hivyo linganisha hatari mbili. Ukiandika ukweli, huenda ukaulizwa maswali yasiyopendeza, na unaweza kuambatisha barua ya kliniki inayosema unatibiwa na unaweza kusoma. Ukiacha patupu, siku utakayoanguka wodini watakaokuokota hawatajua waanze na nini, na siku hiyo hiyo utaonekana uliyeficha.

Kuna methali kali juu ya mficha maradhi, na huenda umeshatupiwa. Sitakutupia mimi. Hukuficha kwa ujinga, ulificha kwa sababu shule haikuwa na mahali pa msichana kujidunga bila kuitwa mwenye mapepo. Ninachoona ni kwamba siku ile ya hotuba kulikuwa na dakika, kati ya kutetemeka na kuanguka, ambapo kijiko cha sukari kingetosha. Kilichokuzuia kuinuka ni haya. Haya hiyo ukiipeleka kwenye udaktari itakuhatarisha wewe na mgonjwa wako. Ukiipeleka kwenye uhasibu itakuhatarisha pia. Kwa hiyo sijui kama swali la kwanza ni kozi. Huenda ni nani wa kwanza utakayemwambia, kwa maneno gani. "Nina kisukari, ukiniona natoka jasho bila sababu nipe hii" yanatosha. Yajaribu kwa mtu mmoja wa mtaani kwenu wiki hii, uone moyo wako unasemaje.

Na mjomba, usimpelekee hoja peke yake. Mwalike kliniki siku ya miadi yako, umwambie daktari amweleze mbele yako ile Mixtard inavyofanya kazi na kwa nini siku ile ilikuangusha. Kabla ya hapo, mkiwa wawili tu, mwulize siku ile aliiona vipi yeye, kutoka simu ilipolia dukani hadi alipokufikia. Kwa barua yako naona miaka imepita na hakuna aliyewahi kumwuliza.